Kimya cha Mama Komunike

Kosa langu la kwanza katika chumba cha kanda lilikuwa kosa la usafi. Nilikuwa nimepewa kanda za komunike, yaani matangazo ya vifo ambayo redio yetu ya mkoa ilikuwa ikiyasoma kila alasiri, nizihamishie kwenye kompyuta kabla hazijaoza. Nikaona kwamba msomaji, mwanamke mwenye sauti nzito isiyo na haraka, alikuwa na tabia ya kusimama mahali pabaya. Anataja jina la familia, anasema "inasikitika kutangaza kifo cha," halafu ananyamaza. Unasikia feni. Unasikia kiti kikilia. Ndipo linakuja jina la marehemu. Nilidhani amepoteza mstari kwenye karatasi. Nikavikata vile vituo vyote, nikaunganisha maneno hadi sikio lisiweze kujua palipokatwa, na kwa kuwa diski ilikuwa imejaa, nikafuta sauti za awali. Siku ile nilirudi nyumbani nikijivunia.

Mimi ni mtu wa kuogopa makosa. Nafunga mlango, natembea hatua chache, narudi kuusukuma nione kama umefungwa kweli. Hakuna shule iliyonifundisha kazi hii. Nilijifunza kwa video za mtandaoni, na hata Kiswahili hiki ninachoandika nilijifunza kwa kusoma peke yangu, maana kwetu mtaani Katuba tunazungumza kile cha Lubumbashi, na kwa miaka mingi niliamini kwamba kile si lugha bali ni uchafu wa lugha. Mtu aliyejifundisha mwenyewe huwa na hofu moja isiyoisha: kwamba kila anayemtazama ameliona pengo lake. Ndiyo maana nilipenda kusafisha. Sikujua kwamba mwenye sauti ile alikuwa hai. Sikujua kwamba kituo kimoja kati ya vile nilivyovikata kilikuwa cha dada yake, na kwamba siku moja angekitafuta kuliko kitu kingine chochote, ili mtoto wa dada huyo akisikie.

Nitamwita kama mji ulivyomwita, Mama Komunike. Nilipoanza kazi alikuwa ameshastaafu, lakini alikuja redioni mara kwa mara kama mtu anayepita jikoni kwake kuangalia ni nani anapika. Alivaa kitenge cha kushonwa vizuri, wigi iliyochanwa, na manukato ambayo yalifika kwenye korido kabla yake. Hakuwa mnyenyekevu hata kidogo. Walinzi waliposahau kusimama, aliwaambia, "Bon, ikaleni tu, siku yenu nayo iko inakuya," nao wakasimama haraka wakicheka vibaya.

Siku ya kwanza alinikuta nikisikiliza kazi yangu iliyosafishwa, mlango ukiwa wazi. Akasimama hapo, mkono kiunoni.

"Huyu njo nani anakimbia hivi?"

"Ni weye, Mama."

"Miye? Miye sikukimbia hata siku baaskari balikuya kuiba mu hii nyumba." Akaingia, akavuta kiti, akasikiliza tangazo lingine, na uso wake ukabadilika. "Petit," akaniita, kama mtu anavyomwita mdogo wake, "umenikata."

Nikamweleza kuhusu vile vituo. Nilitumia maneno mengi ya kiufundi, kama ninavyofanya nikiogopa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole ambao baadaye nilijifunza kuuogopa zaidi ya hasira yake:

"Sikia, mutoto yangu. Muntu iko anapika. Iko anabeba maji. Iko juu ya kinga yake, iko anakanyaga pedali mu njia. Unamupigia habari ya lufu ya ndugu yake angali amesimama? Wacha muntu aikale kwanza."

Ndivyo nilivyojua. Kile kimya hakikuwa kupotea kwa mstari, kilikuwa nafasi ya watu kukaa. Alipotaja jina la familia, kwenye nyua za mitaa yetu, Kamalondo na Kenya na Ruashi, mtu aliita wengine, mtu alimshika mtoto mdomo, mtu alitoa sufuria kwenye mbabula ya makaa. Waliokuwa na jina hilo walitafuta kiti, au ukuta, au mkono wa jirani. Ndipo alipowaambia ni nani.

Nikasema, "Nitarekebisha, Mama." Sikumwambia kwamba sauti za awali hazipo tena, na kwamba kanda zenyewe zilikuwa zimechoka hivi kwamba zilipopita kwenye mashine ziliacha unga wa kahawia na hazingeweza kupita tena. Neno hilo, nitarekebisha, nimelisema mara nyingi maishani wakati sina habari nitafanyaje.

Miaka iliyofuata nilimjua vizuri, kwa sehemu kwa sababu nilimpenda na kwa sehemu kwa sababu nilimwogopa. Nilimpeleka hadi kituo cha basi kila alipokuja. Nilimnunulia munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Nilimsikiliza. Kila alipogeuka kunitazama nilidhani leo ataniuliza kuhusu vile vituo.

Alikuwa na taratibu zake za kazi. Kabla ya kuingia studio alivua viatu na hereni, akanywa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na hakumsalimia mtu yeyote hadi amalize kusoma. Lakini mtu huyo huyo alikataa katakata kuvaa miwani, kwa sababu miwani ilimzeesha. Alishika karatasi mbali, mkono umenyooka, kana kwamba inanuka, na alichokosa kukisoma alikikisia. Majina ya Kizungu aliyatafuna. Majina ya vijiji aliyahamisha kutoka wilaya moja hadi nyingine. Siku moja alichanganya jina la marehemu na jina la mdogo wake aliyeandika tangazo, akatangaza kwamba aliyekufa ni yule mdogo.

Kesho yake mtu huyo akaja redioni amevaa suti, na wajomba nyuma yake. Akauliza yule mama yuko wapi. Akaonyeshwa.

"Mama, miye njo marehemu."

Mama Komunike akamwangalia kuanzia viatu hadi kichwa. "Ah. Pole. Na umevala vizuri hivi, banakuzika saa ngapi?"

Wajomba wakataka kukasirika, lakini marehemu mwenyewe akaangua kicheko hadi akashika ukuta, kisha kicheko kikageuka kilio cha kweli, kwa sababu kaka yake alikuwa amelala mochari na hakuna aliyekuwa amejua kumlilia kwa jina lake. Mama Komunike alisoma tangazo lile upya, kwa usahihi. Kwa miaka mingi waliendelea kusalimiana sokoni. "Marehemu, habari?" "Niko, Mama, bado nangojea zamu." Wakubwa wa redio hawakucheka. Waliagiza kwamba kuanzia siku ile komunike zote zirekodiwe, ili mtu akija kulalamika kuwe na ushahidi. Ndiyo sababu ya pekee ya kanda zile kuwapo. Sauti yake ilihifadhiwa kwa sababu hawakumwamini.

Na hazikuhifadhiwa vizuri. Kanda mpya zilipoacha kuja, mafundi walirekodi juu ya zile za zamani: hotuba juu ya kwaya, mpira juu ya hotuba, matangazo ya sabuni juu ya mpira. Wakati wa uporaji ule wa askari watu waliingia wakachukua mashine, na kanda ambazo hazikuwa na faida kwao wakazivuta zikatapakaa uani kama matumbo. Wakulima walizipenda. Ukizifunga kati ya vijiti juu ya mahindi zinang'aa na kulia kwa upepo, na ndege hawasogei. Mama Komunike aliniambia kwamba aliwahi kupita shambani Kasungami akaona mita na mita za kanda ya kahawia, akasimama akajicheka. "Miye huyu, nilizika muji muzima, sasa niko nafukuza ndege." Nilicheka pia. Usiku huo sikulala.

Watu walimwogopa, na hilo lilimwumiza kuliko alivyokubali. Alipogonga geti la jirani kuomba chumvi, mwanamke wa ndani aliuliza "Nani?" na akisikia sauti ile, alianza kulia kabla ya kufungua. Watoto walimkimbia. Dereva mmoja wa teksi alimwambia anaweza kupanda bure mradi asiongee njiani. Basi akabuni dawa yake: alipokaribia nyumba ya mtu, alianza kucheka kwa sauti kutoka mbali, akiwa peke yake barabarani, hahaha, hahaha, hadi mlangoni. "Nacheka mbele," aliniambia, "bajue sina karatasi." Wasiomjua walidhani ana kichaa. Mimi nilimwona siku moja akifanya hivyo kwenye barabara yetu, mwanamke mzima aliyevaa vizuri akicheka na hewa. Nilitamani kujificha, na sijui kama ni kwa ajili yake au kwa ajili yangu.

Alipenda harusi kuliko mtu yeyote niliyemjua na hakualikwa. Mara moja tu, binamu fulani alimwalika kwenye karamu moja Karavia, ukumbi mzuri, viti vyenye vitambaa vyeupe. Kijana mwendesha shughuli, asiyejua lolote, akatangaza kwamba aliyewahi kuwa sauti ya redio yuko ukumbini, na aje atoe neno kwa maharusi. Watu waliokuwa karibu wakajaribu kumzuia kijana kwa macho. Mama Komunike akavua viatu, akavua hereni, akashika kipaza sauti. Akasema jina la familia ya bwana harusi. Halafu, kwa mazoea ya miaka, akanyamaza.

Aliniambia kwamba ukumbi mzima ulikaa chini. Waliokuwa wakicheza walikaa. Bibi wa bwana harusi akapiga yowe. Mama Komunike akapaza sauti juu ya yowe, "Hapana! Hapana! Nataka kusema bazae batoto!" lakini hakuna aliyemsikia. Alinisimulia hayo akicheka hadi machozi, akapangusa macho kwa ncha ya kitenge, akaendelea kuyapangusa muda mrefu baada ya kicheko kuisha.

Hakuwa mtakatifu, na sitaki kumfanya hivyo. Alikuwa na upendeleo wa wazi. Familia za Kiislamu zenye asili ya Maniema, ambazo huzika siku ile ile, karatasi zao aliziweka juu ya rundo bila foleni, na waliobaki nyuma wakinung'unika aliwaambia, "Weye wako iko ku frigo ya mochari, anaweza kungojea." Aligombana na wanaoleta orodha ndefu za majina ya jamaa wenye vyeo. "Bote hawa balikufwa?" "Hapana, Mama, ni bafamilia." "Basi bafamilia bataisikia yao siku yao." Akafuta kwa kalamu mbele ya mwenye karatasi. Alikuwa mkali kwa wachapaji, alisengenya wachungaji, na hakuwa na subira na mtu anayelia mapokezini. Alimpa maji, akamwambia akalie nje.

Kuhusu kile kimya chake pia watu hawakukubaliana. Wengine walikiita ukatili. Familia ina watu wengi, walisema, na wakati ule wote unawaua wote, mmoja mmoja, kichwani mwako. Mwanamke mmoja alimwambia usoni, "Ulinifanya nizike batoto yangu bote, kisha njo nisikie ni mujomba." Mama Komunike hakujitetea. Lakini kijana mmoja fundi wa kuchomelea aliyefanya kazi mgodini Kinsevere alikuja redioni kuniuliza kama tangazo la baba yake lipo. Alikuwa amebeba sahani ya chakula siku ile aliposikia jina la ukoo wao likitoka kwenye redio ya mpishi. "Nilijua kwamba ni sisi," alisema. "Nikatafuta mahali. Nikaweka sahani chini, nikaikala juu ya tairi. Njo akasema Baba. Kama haikukuwa ile nafasi, ningeanguka na chakula mbele ya bantu." Nikamtafutia tangazo. Nililipata. Nilimwambia limeharibika. Sikuweza kumchezea kitu nilichokifanya.

Sasa nifike kwa dada yake, kwa maana kila kitu kinaishia hapo.

Alikuwa yaya wake, ndivyo tunavyomwita mkubwa wa tumbo moja, na ndiye aliyemlea. Aliolewa katika familia iliyokuwa ikikaa upande wa pili wa mji. Alasiri moja karatasi za komunike zililetwa mezani wakati kipindi kimeshaanza, kama ilivyokuwa kawaida, na ya dada yake ilikuwa katikati ya nyingine. Aliyeileta redioni alikuwa kijana wa familia ile ambaye hakumjua. Simu hakuna, habari ilikuwa bado njiani kumtafuta. Mama Komunike akachukua karatasi, akaishika mbali na macho, akasoma jina la familia ya shemeji yake. Akasema "inasikitika kutangaza kifo cha." Ndipo akanyamaza kama anavyonyamaza siku zote, na katika kunyamaza huko macho yake yakashuka kwenye mstari unaofuata.

"Nilikuwa nabaachia bantu baikale," aliniambia. "Njo miye mwenyewe nikasoma."

Aliniambia kwamba kilikuwa kimya kirefu kuliko vyote. Fundi alipunga mikono nyuma ya kioo. Halafu akasoma jina. Akalisoma lote, kwa sauti ile ile. Akasoma mahali pa kilio, kama tunavyoita matanga hapa kwetu, na saa ya maziko. Akachukua karatasi iliyofuata, kwa sababu kulikuwa na watu wengine waliokuwa wakingoja kujua, akaisoma, na nyingine, hadi mwisho. Ndipo akatoka peku kwenda kwa shemeji yake.

Wale wa huko wakati wa kipindi walikuwa bado hospitali, hawakuwa karibu na redio. Waliambiwa na watu: alisoma, hakulia, akaendelea na wengine. Alipoingia uani wanawake walimgeuzia migongo. Mmoja akasema kwa sauti, ili asikie, "Alisoma mukubwa yake sawa bei ya bunga." Neno hilo lilimfuata. Hakuwahi tena kukanyaga kilio cha mtu yeyote, na kwa hiyo watu wakasema, mnaona, kumbe ni kweli.

Dada aliacha binti mdogo. Binti akakulia kwa ndugu za baba yake, na neno lile la bei ya unga akalila pamoja na chakula. Alipokuwa mtu mzima, na Mama Komunike amebaki hana wa kumtunza, ni huyo binti aliyemchukua akaishi naye Kasungami, kwenye nyumba yenye shamba la mahindi nyuma. Alifanya kwa wajibu. Alimpikia bukari, ugali wetu, na mboga za lengalenga, akamfulia, akamsugua mgongo kwa dawa. Hakumchekea. Nilipowatembelea niliona: alimwita "Mama mudogo" kwa heshima zote, na hakukaa naye hata mara moja. Akileta chai aliiweka na kuondoka.

Fundi wa siku ile alikuwa amekufa. Hakukuwa na shahidi mwingine ila kanda. Mwaka huu, sauti ya Mama Komunike ilipoanza kukauka kooni hadi mtu akalazimika kumsogelea kumsikia, aliniita kwa simu. Alisema maneno machache.

"Petit. Ukuye na ile ya yaya yangu. Nataka mutoto asikie."

Nilikaa mbele ya kompyuta siku kadhaa. Tangazo lilikuwapo, limesafishwa, zuri kabisa. Jina la familia, kifo cha, jina la dada, mahali, saa. Lilitiririka. Lilisikika hasa kama mtu anayesoma bei ya unga. Mimi kwa mikono yangu niliyoiosha ndiye niliyeufanya uongo ule uwe kweli.

Kisha nikapata wazo ambalo mtu wa aina yangu hulipata. Mwishoni kabisa mwa kanda nyingine nilikuwa nimesahau kukata kituo kimoja. Nikakinakili. Nikakirefusha, nikalainisha kingo zake, nikakipandikiza kati ya "cha" na jina la dada yake. Nilifanya kazi nzuri. Nathubutu kusema ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilisikiliza nimefumba macho, nikashindwa kujua mahali pa kuunga.

Nikaenda Kasungami. Mama Komunike alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya mlango, wigi imechanwa, manukato yapo. Alikuwa amevua hereni. Binti wa dada alikuwa amesimama kwenye fremu ya mlango, kitambaa cha vyombo mkononi.

"Mama mudogo, nina moto ku jiko."

"Moto itakungojea. Sikia."

Nikaweka simu na spika ndogo juu ya stuli, nikabonyeza. Sauti yake ya zamani ikatoka, nzito, haina haraka. Jina la familia. Inasikitika kutangaza kifo cha. Na kimya kikaja, kirefu, na feni ndani yake, na pumzi. Nikamwangalia binti. Kitambaa kilikuwa kimeacha kusogea mkononi mwake. Alikuwa akitazama ile spika kama mtu anayetazama mlango. Jina la mama yake likasomwa. Akashika fremu ya mlango, nikajua kwamba nimefaulu, na moyo wangu ukapata raha ambayo haukuwahi kuipata.

Mama Komunike akasema, kwa sauti yake iliyokauka:

"Hii kimya ni ya nani?"

Nikanyoosha mkono kuizima simu.

"Nakuuliza, petit. Hapa niko napumua. Pumua muzuri, ya muntu anangojea tu. Siku ile miye sikupumua. Ni ya nani?"

"Ni yako, Mama. Ya komunike ingine."

"Alikufwa nani?"

"Muzee moja wa Kamalondo."

Akatikisa kichwa polepole. "Donc ya yaya yangu iko wapi?"

Nikamwambia. Nilisema kwa ufupi, sikutumia maneno ya kiufundi. Niliikata, Mama, zamani, kabla sijakujua, na haiko tena popote. Nilikuwa natazama miguu yangu. Nilingoja anitukane, na nilitaka anitukane.

Kuku walikuwa wakichakura karibu na ukuta. Hatimaye akanyoosha kidole kwenye simu.

"Toa ya muzee wa bantu. Iko na bantu bake, bamulilie na kimya yake. Piga ile yenye iko."

"Mama, ile yenye iko inakimbia. Itasikika vibaya."

"Piga."

Nikaipiga. Jina la familia, kifo cha, jina, mahali, saa. Ilipita kama pikipiki. Sijawahi kusikia kitu kibaya kama hicho, na kilikuwa safi kabisa.

Binti alipofungua mdomo, sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Njo vile balinielezaka."

"Njo vile," Mama Komunike alikubali.

"Mama mudogo, ungeacha tu ile ya kwanza. Ningeamini."

"Njo maana sikuiacha."

Binti akamtazama. Ni mara ya kwanza nilimwona akimtazama moja kwa moja. Harufu ya kitu kinachoungua ilitoka jikoni, lakini hakwenda. Akauliza, kama mtoto anayeuliza njia:

"Na ile yenye ilipotea, ilikuwa na nini?"

"Haikukuwa na kintu. Ilikuwa kimya." Mama Komunike akakohoa, akangoja koo limwachie. "Miye na mama yako tulikuwa twetu babili mule, bantu bengine bado habajajua. Kisha nikamupatia ku muji."

Binti akaingia ndani kuokoa chakula, tukasikia sufuria ikishushwa. Alirudi na chai ya Mama Komunike na yangu, akaziweka, akasimama hapo bila kuondoka, akikunja na kukunjua kile kitambaa. Sijui kama alimwamini. Nilikuwepo, nilikuwa karibu, na sijui. Nilipoaga alinisindikiza hadi barabarani.

Mama Komunike bado yuko Kasungami, lakini haongei tena isipokuwa kwa mikono. Mimi bado niko katika chumba cha kanda. Tangu siku ile sigusi sauti ya mtu aliye hai kabla hajakaa karibu nami tukaisikiliza pamoja jinsi ilivyo, na kama amekufa nawatafuta watu wake. Kazi imekuwa ya polepole sana. Kanda zinaoza haraka kuliko ninavyozifikia, na mkuu wangu ameniambia wazi kwamba haridhiki, na ana haki. Ninazohamisha sasa ni chache, na sikati kitu.